Nilimleta kwa Yesu, sasa anaambiwa amwache mume

Barua hii imefupishwa kidogo, na majina yamebadilishwa kwa ombi la aliyeiandika.

Shikamoo Mama Mshauri, na Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa miaka 49, nauza dagaa. Nanunua mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, huku upande wa Magu, naanika, nikishajaza magunia napeleka Mwanza mjini na mara nyingine Shinyanga. Nimeokoka tangu usichana wangu. Kanisani kwetu ni kiongozi wa akina mama, na kwa miaka kadhaa sasa mchungaji amenikabidhi kazi ya kuwalea waumini wapya wa kike: kuwafundisha masomo ya msingi, kuwatembelea na kuwaandaa kwa ubatizo.

Mwaka juzi nilipata mwanamke wa kunisaidia kuanika. Nitamwita Mama Kulwa. Ana miaka 27 na watoto watatu, wa kwanza wa miaka minane na mapacha wa miaka mitano. Si msemaji. Mimi nikigeuza dagaa juani huwa naimba, yeye anafanya kazi kimya. Siku moja akaniuliza, "Mama, huyo unayemwimbia anakusikia?" Nikamwambia ananisikia. Akanyamaza kama hatua kumi hivi, kisha akasema, "Na mimi atanisikia?" Ndivyo ilivyoanza. Sikuwahi kumhubiria. Baada ya miezi minne, palepale mwaloni, mikono yetu inanuka samaki, akaniomba nimwongoze sala ya toba.

Shule aliiachia darasa la tatu. Tukaanza kusoma Injili ya Marko kwa sababu ni fupi. Anaweka kidole chini ya neno, midomo inacheza kwanza, halafu ndipo sauti inakuja. Neno likimshinda analizungushia penseli ili Jumatano aniulize. Kurasa za mwanzo zimejaa viduara. Siku aliposoma habari za yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, tulilia wote wawili.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mama Kulwa ni mke wa pili. Aliolewa kimila, kwa ng'ombe kumi na wawili. Mke mkubwa yupo, wanaishi boma moja, kila mtu na nyumba yake. Mimi nilijua tangu mwanzo. Mchungaji hakuniuliza, nami sikumwambia. Nilijisemea moyoni mambo ya ndoa yatakuja baadaye, kwanza mtoto anyonye.

Jina lake likaingia kwenye orodha ya ubatizo. Kwetu tunabatiza ziwani, na kabla ya hapo wazee wanakaa na kila mmoja kumsaili. Mzee mmoja akamwuliza, "Mume wako ana wake wangapi?" Akajibu kweli, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kusema kweli. Wakamwambia hawezi kubatizwa akiwa mke wa pili wa mtu. Aondoke, arudi kwao, na kanisa litamwombea. Wamempa mpaka ubatizo wa Desemba. Mimi nikaitwa pembeni kuulizwa kwa nini nilificha.

Mama, mume wake hajaokoka, lakini si mtu mbaya. Halewi, hajawahi kumpiga, na Jumatano humruhusu kuja kujifunza. Zile ng'ombe baba yake Mama Kulwa alishazitoa mahari ya kumwolea mtoto wake wa kiume, zizini hakuna kitu. Akirudi kwao atafikia nyumba ya kaka, kwa wifi ambaye ng'ombe zake ndizo hizohizo. Na mke mkubwa ndiye anayebaki na watoto siku za mafundisho. Mara mbili alimsindikiza mwenzake, akakaa nje chini ya dirisha akimenya viazi vya michembe. Nilijua anasikiliza maana kisu kilikuwa kinasimama.

Wiki mbili zilizopita mume alikuja kwangu. Akavua kofia, nikamkaribisha kiti akakataa. Akasema, "Mama, mlikuja kuniokolea mke, au kuniondolea mke?" Sikuwa na la kumjibu.

Dada mmoja ameniambia kuna kanisa jingine mjini wanaobatiza bila maswali hayo, nimpeleke huko kimyakimya. Mwingine anasema abaki kwa mume ila asilale naye tena. Mume wangu anasema niwatii wazee, nisije nikajiharibia. Usiku nikilala nawaza kwamba kama siku ile nisingeimba, binti wa watu angekuwa kwake ametulia.

Gauni lake jeupe la ubatizo, alilolishona kwa mkono kwa kitambaa nilichomnunulia, liko sandukuni kwangu, kwa sababu kwake watoto wangelichafua. Tangu siku ya usaili sijalifungua.

Juzi ameniambia hivi: "Mama, wewe ungekuwa mimi ungefanyaje? Utakalosema nitalifanya." Nimwambie nini?

Mama wa Mwaloni, Magu

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Amina, asifiwe milele.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilisimama pale kisu cha mke mkubwa kinaposimama. Nitaparudia hapo baadaye.

Jinsi ninavyokuelewa, umeniletea mambo mawili yaliyosukwa ukili mmoja. La kwanza ni la kanisa: je, mwanamke aliyemkuta Yesu akiwa tayari ni mke wa pili na mama wa watoto watatu, ni lazima avunje nyumba ile ndipo abatizwe? Swali hilo limetutangulia mimi na wewe kwa miaka mingi. La pili ni lako peke yako. Mtu uliyemlea katika imani amekuwekea maisha yake kiganjani na kusema "utakalosema nitalifanya". Nadhani hili la pili ndilo linalokunyima usingizi.

Kwanza ule wimbo. Unasema kama usingeimba angekuwa kwake ametulia. Una hakika alikuwa ametulia? Mtu aliyetulia haulizi "na mimi atanisikia?" Swali lile alikuja nalo, labda alikuwa nalo kwa miaka, na wewe ukatokea kuwa mtu wa kwanza aliyeweza kumwuliza. Usijihukumu kwa kuimba.

Kunyamaza kwako ni jambo jingine, na hilo sitalipaka asali. Najua hukudanganya, na najua ulimwonea huruma. Ila Mama Kulwa aliingia kwenye chumba cha wazee bila kujua kuna swali linamngoja, na wewe ulijua. Wazee wamekuuliza kwa nini ulificha. Je, umeshazungumza na yeye? Wazee wetu wa Uamsho, ule uliotoka Gahini kule Rwanda, ukaenea Uganda katika miaka ya 1930 na kuvuka mpaka Kagera, walikuwa na neno kwa jambo kama hili: kutembea nuruni. Kwao maana yake ilikuwa mtu kuanza kusema la kwake, si la jirani. Fikiria siku umeketi naye ukamwambia, "Mwanangu, nilijua hilo swali litakuja, nikaogopa, nikakuacha uingie peke yako. Nisamehe." Litakuuma. Lakini atakuona wewe pia unaweza kukosea, na huenda akaacha kulichukua kila neno lako kama neno la Mungu.

Wazee nao nakuomba usiwafanye adui. Hoja yao haikutoka hewani. Bwana mwenyewe, alipoulizwa habari za ndoa, aliwarudisha watu mwanzo, wawili na mwili mmoja, na maneno hayo yako Marko 10. Wazee wanaogopa vijana watasema kanisa limeruhusu wake wawili, na mtu aliyechunga kundi siku nyingi ana haki ya kuogopa hivyo. Ninachojiuliza mimi ni kama kumkataza mtu asiingie kwenye ndoa ya mitala ni jambo moja na kumtaka aivunje ile aliyokwishaingia kabla hajamjua Kristo, ikiwa na watoto watatu ndani. Wapo wanaosema ni jambo moja, na watakusomea Ezra 10, ambako wake waliachwa pamoja na watoto. Wapo wanaosema hapana, na watakusomea 1 Wakorintho 7, ambapo Paulo anamwambia mwanamke aliyeamini kwamba kama mume asiyeamini yu radhi kukaa naye, asimwache. Wale wa kwanza watajibu kwamba Paulo alikuwa akisema juu ya ndoa ya mke mmoja. Wa pili watajibu kwamba watoto ni watoto.

Hata makanisa makubwa yametoka kwa milango tofauti. Askofu Colenso wa Natal, Afrika Kusini, alikuwa akitetea tangu miaka ya 1850 kwamba watu wa mitala wabatizwe bila kufukuza wake zao, na alipingwa vikali. Mwaka 1888 maaskofu wa Anglikana walipokutana Lambeth, Uingereza, waliamua mwanaume mwenye wake wengi asibatizwe, awekwe kwenye mafundisho mpaka hali yake ibadilike. Lakini kuhusu wake wa watu hao, mkutano uleule ulisema wanaweza kubatizwa katika hali fulani, na uamuzi ukaachiwa kanisa la mahali. Miaka mia moja baadaye, 1988, Lambeth hiyohiyo ikaruhusu hata mume abatizwe pamoja na wake na watoto walioamini, kwa ahadi ya kutooa tena, na kwa kukubaliwa na waumini wa mahali pale, ikasema asilazimishwe kumwacha mke yeyote kwa sababu ya hali ngumu ambayo mke huyo angetupwa ndani yake. Wakatoliki hawakufuata njia hiyo. Sheria yao ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1148, inamtaka mume abaki na mmoja, lakini inamtaka pia askofu ahakikishe wale wanaoachwa wanapata mahitaji yao kwa haki.

Sikuandikii haya uende ukawashinde wazee kwa hoja. Nataka ujue kwamba watu wanaomcha Mungu wamesoma Maandiko haya haya kwa machozi wakafika mahali tofauti. Na tazama kitu kimoja: hata kanisa linalotaka watu waachane limejisumbua kuuliza anayeachwa atakula nini. Kwenu, kwa jinsi ulivyoniandikia, ameambiwa arudi kwao na kanisa litamwombea. Ningependa kumsikia mzee mmoja akijibu, kwa upendo kabisa, nani atanunua mahindi ya watoto wale Februari.

Tuitazame basi njia hiyo ya kuondoka, maana inaweza kuwa ndiyo Mama Kulwa mwenyewe atakayoichagua, na akiichagua kwa moyo wake utamsindikiza. Kwa sheria yetu yeye si hawara. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kimila na ndoa ya wake wengi, kwa hiyo ni mke, mwenye haki za mke. Mgogoro unaoelekea talaka hupitia kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Watoto walio chini ya miaka saba sheria inaanza na dhana kwamba ni heri wakae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Mapacha wana mitano, lakini wa kwanza ana minane. Na wewe unajua kama mimi kwamba kilichoandikwa kitabuni na kinachotokea nyumbani kwa mume ni vitu viwili. Kabla hajafunga hata mzigo mmoja, akae na msaidizi wa kisheria aliye karibu au afisa ustawi wa jamii, aelezwe anachosimamia. Hatari nyingine haisemwi kanisani. Nimeona wanawake waliorudishwa kwao kwa jina la wokovu, ng'ombe zikadaiwa, baba akatafuta ng'ombe nyingine, na binti akajikuta nyumba ya mwanaume mwingine, mke wa tatu safari hii. Hajiri naye alitolewa katika nyumba ya wake wawili, akapewa mkate na kiriba cha maji. Mungu alimwona huko jangwani, ni kweli. Lakini waliomtoa hawakwenda naye.

Ule ushauri wa kubaki kwa mume bila kulala naye, husemwa haraka na watu wasiolala humo. Paulo huyohuyo anasema mume na mke wasinyimane, isipokuwa kwa kupatana, kwa muda. Wako wanawake waliopatana hivyo na waume zao, mara nyingi watu wazima, na wakaishi kwa heshima. Lakini Mama Kulwa ana miaka 27. Akilifanya hilo bila mume kukubali, nani atakuwa ndani ya nyumba ile usiku wa kwanza mume atakapouliza sababu? Je, yule dada aliyekushauri aliliwaza hilo?

Kanisa la mjini. Hilo si dhambi. Watu wa Mungu wako pia huko. Kinachonitia wasiwasi ni neno lako "kimyakimya". Mtoto mchanga katika imani hujifunza zaidi kwa anachokuona ukifanya kuliko masomo ya Jumatano. Ukimchukua alfajiri kwa daladala, mkarudi amebatizwa, atakuwa amejifunza kwamba swali likiwa zito mtu hukimbia. Na kanisa lisilouliza leo linaweza kuuliza kesho, akiwa hana wewe. Ila kama mmezungumza na wazee mpaka mwisho, wakabaki pale walipo, na dhamiri yake ikamwambia abatizwe, basi kuaga mchana kweupe, kwa kushikana mikono, si sawa na kutoroka.

Ipo pia njia ya kungoja. Abaki kwa mume, aendelee kujifunza, ubatizo usogezwe. Wengi wa mababu zetu katika imani walikaa kwenye madarasa ya ubatizo miaka. Hofu yangu hapa ni kungoja kusikokuwa na mwisho, mwanamke anafagia kanisa kila Jumamosi na Meza ya Bwana anaiona kwa mbali mpaka anazeeka. Kama wazee watalikubali hilo, waulizwe kwa adabu: mpaka lini, nani ataendelea kumfundisha, na katika kungoja huko ana nafasi gani miongoni mwenu?

Sasa mke mkubwa. Katika barua nzima, kila mtu anaulizia mwili wa Mama Kulwa utakaa wapi. Huyu mama anayewalea watoto wa mwenzake ili mwenzake akajifunze Neno, anayekaa chini ya dirisha na kisu kimesimama, kuna aliyemwuliza chochote? Mwenzake akifukuzwa kwa sababu ya Injili, yeye atakuwa amesikia Injili gani? Labda atafurahi kubaki peke yake, siwezi kumsemea, na kama ana maumivu ya miaka tisa juu ya mke wa pili hayo nayo yanastahili kusikiwa. Ndiyo maana ningetamani mtu amwulize.

Na mume. Mwanaume wa kwenu amevua kofia mbele ya mwanamke muuza dagaa akauliza swali la kweli. Umeniandikia hukuwa na la kumjibu. Bado unaweza kurudi. Nenda na mume wako, au na mama mtu mzima anayeheshimika, umwambie, "Baba, siku ile sikukujibu kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Bado sijui yote. Lakini sikuja kukuvunjia nyumba." Kwa watu wa namna yake, kurudi na neno ni heshima kubwa. Je, kuna mzee yeyote wa kanisa aliyekwenda kuketi naye kabla ya kumkatia mkewe muda mpaka Desemba? Kama hakuna, huenda hilo ndilo ombi jepesi zaidi unaloweza kuwapelekea wazee: wakutane nao wote, mume, mke mkubwa na Mama Kulwa, wasikie kwanza.

Ukienda kwa wazee, nenda na kosa lako mkononi, kabla ya hoja yoyote. Na uwe umeshajiuliza usiku mmoja, bila kujionea aibu: katika hofu yangu, kiasi gani ni kwa ajili ya Mama Kulwa, na kiasi gani ni kwa ajili ya uongozi wa akina mama? Mume wako ametaja kujiharibia. Ni hofu ya kibinadamu. Lakini ukijua ni kubwa kiasi gani, haitakusemea bila wewe kujua.

Nirudi kwenye kiganja chako. "Utakalosema nitalifanya." Nimepekua barua yako nikitafuta Mama Kulwa anataka nini, sikupata. Nimepata maswali yake mawili: Mungu atamsikia? Wewe ungefanyaje? Anachotamani yeye hakimo, na sidhani ni kwa sababu hujali. Nadhani hakuna aliyemwuliza, maana tumezoea kwamba mwanamke kama yeye huamuliwa: baba aliamua, mume aliamua, wazee wameamua, na sasa anakuomba wewe uamue. Ukimjibu, hata ukijibu vizuri, utakuwa wa nne.

Kuna kisa cha Naamani, 2 Wafalme 5. Ametoka majini, ameamini leo leo, na papo hapo anamletea Elisha tatizo: nikirudi kwetu bwana wangu ataegemea mkono wangu kwenye nyumba ya mungu wake, nami itanibidi niiname. Elisha hakumpa ndiyo wala hapana. Alimwambia aende kwa amani. Wasomaji hawajakubaliana mpaka leo kama ile ilikuwa ruhusa. Mimi kinachonigusa ni kwamba nabii alikubali kumwachia mtu mpya Mungu wake, njiani, na swali likiwa bado bichi.

Jumatano ijayo jaribu kutofundisha. Muulize: mwanangu, unampenda mume wako? Kitu gani unakiogopa kuliko vyote? Kama hakuna mtu wa kukugombeza, moyo wako ungekwenda wapi? Kisha ukae kimya hata kama kimya kitarefuka. Halafu msome, na asome yeye, na penseli yake. Mwanzo 16, Hajiri alipompa Mungu jina kwa sababu amemwona. 1 Wakorintho 7. Na Marko 10 pia, usimfiche. Kwani amefika sura ya ngapi? Kama amevuka ya tano, maneno wanayoyasimamia wazee yako mbele yake kurasa chache tu, na atayafikia kwa kidole chake mwenyewe. Ni afadhali siku hiyo uwe umeketi kando yake.

Akikubana sana, "Mama, sema wewe", mwambie ukweli: sijui ningefanyaje, maana siishi nyumbani kwako. Ukibaki, ukiondoka, ukingoja, ukihamia kanisa jingine, Jumatano nitakuwa hapa na dagaa tutaanika pamoja. Pima kwanza kama unaweza kulitimiza neno hilo hata kama utavuliwa uongozi, ndipo ulitamke. Mtu aliyehamishwa kwa ng'ombe kumi na wawili anahitaji angalau mmoja ambaye upendo wake hauna masharti ya anwani.

Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu. Wewe uliimba, ukafundisha herufi, ukanunua kitambaa. Hiyo ni kazi kubwa sana, mdogo wangu, na hakuna kikao kitakachoifuta.

Kuhusu gauni: lifungue. Kitambaa cheupe kikikaa kimekunjwa muda mrefu hutoka madoa ya njano kwenye mikunjo, na sanduku la muuza dagaa najua linavyonuka. Mwite Mama Kulwa, mlianike pamoja juani, mbali na dagaa. Likikauka mwulize anataka likae wapi, kwako au kwake.

Niandikie.